Ramani Mbili za Macho

Siku ile ya kuniaga kazini, mliponikatia keki yenye umbo la miwani, mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kupima macho. Nilikubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa nina miezi mitatu nyumbani, kuku wameshanizoea, na sina kisingizio tena. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika. Hayo yako kwenye mafaili, na mengine afadhali yabaki humo humo. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na kosa moja ambalo lilikaribia kumharibia binti wa watu macho yake. Kosa lilianzia kwangu, kwa hiyo naliandika mwenyewe kabla hamjalisikia kantini likiwa limeongezwa chumvi.

Nilifika Mwanza nikiwa nesi mpya kutoka Muleba, na sanduku langu la bati, na lafudhi ya Kihaya ambayo wagonjwa waliifurahia kuliko dawa. Nilitaka wodi ya wazazi. Nikapangiwa idara ya macho kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Wenzangu waliamini kwamba nesi wa macho ni nesi wa kusafisha tongotongo. Nililia chooni dakika kumi, nikanawa, nikaenda.

Mle ndani nilimkuta Mzee Ngasa, mpimaji wa macho, Msukuma mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa miaka mingi ya kuchungulia watu wafupi. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinionyesha sanduku la lenzi za kupimia, zimepangwa kwenye mifereji yake kama sahani kabatini, akaniambia nizifute zote kwa kitambaa laini, nizirudishe kila moja mahali pake. Nilifanya hivyo mwezi mzima. Nilimchukia sana. Baadaye niligundua kwamba mkono wangu ulikuwa unachukua lenzi ninayoitaka bila mimi kuitazama, na chuki ikaisha.

Mzee Ngasa alikuwa na desturi ya kumpa mkono kila mgonjwa anayeingia. Nilidhani ni ukarimu tu. Kumbe alikuwa anaangalia mgonjwa anaupataje mkono: moja kwa moja, au kwa kupapasa kidogo hewani, au kwa kugeuza kichwa ili atumie jicho lenye nguvu. Mpaka mtu anakaa kwenye kiti, mzee alikuwa ameshajua nusu ya habari. Mimi pia nilifanya hivyo hadi siku yangu ya mwisho, na nawaona ninyi mnavyosalimia watu macho yakiwa kwenye kompyuta.

Chombo alichokipenda kilikuwa ile tochi ndogo ya kupimia, retinoskopu. Mnaijua, ingawa wengi wenu mnaikimbilia pale tu umeme unapokatika. Unammulika mgonjwa kwenye mboni gizani, unauchezesha mwanga kidogo, na kule ndani unaona wekundu unaosogea. Ukisogea pamoja na mwanga wako, ni namba hii. Ukisogea kinyume, ni namba ile. Mzee Ngasa alinifundisha pia mwendo wa tatu, ambao ni nadra. Wekundu unagawanyika vipande viwili vinavyofunguka na kujifunga kama mkasi wa fundi cherehani. "Ukiona mkasi, Paskazia," aliniambia, "konea ya huyo mtu, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, haijakaa sawa. Imeanza kuwa nyembamba na kuchongoka. Usimpe miwani ukaona umemaliza kazi."

Na alinifundisha jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonipeleka shimoni miaka mingi baadaye. Alisema mgonjwa asiambiwe kitu ambacho hujakithibitisha. Uso uwe mtulivu, useme "tutaona," umpangie siku ya kurudi. Kwa miaka mingi ushauri huo ulinifaa. Nilimheshimu mno hata nisijiulize kama kuna mtu unaweza kumuumiza.

Miaka ile ya kwanza tulikuwa tunatoka sana. Tulivuka kwa kivuko pale Busisi na masanduku yetu, tukaenda kupima kwenye shule na magulio, tukavuka pia kwenda visiwani. Leo mnapita darajani dakika chache huku mnatazama simu. Sisi tulisubiri kivuko, tukala sangara wa kukaanga tukiwa tumesimama, na wadudu wa ziwani wakija kwa wingu zito tulijifunika khanga kichwani mpaka wapite. Nawaambia ukweli, nayakumbuka masaa yale ya kusubiri kuliko semina zote nilizolipiwa hoteli. Kwa wasiojua kusoma tulitumia chati ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku, na mgonjwa anaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Kuna mzee mmoja wa Sengerema alionyesha kwa midomo, kama watu wa kwetu wanavyoonyesha njia. Mimi niko mita sita, sioni midomo yake imeelekea wapi. Mzee Ngasa alicheka mpaka akakaa chini, akasema leo anayepimwa macho ni nesi.

Kule na hapa mjini, kitu nilichokiona kila siku ni watu kufikicha macho. Vumbi, moshi wa kukaushia samaki, wadudu, aleji. Mtoto anaanza kufikicha akiwa na miaka minne, anafikicha hadi anaoa. Wazazi wanaona ni tabia tu kama kunyonya kidole. Kumbe konea ikisuguliwa miaka na miaka, kwa baadhi ya watu inalegea.

Kulwa na Doto waliletwa na mama yao kutoka Buhongwa wakiwa darasa la tatu, Mzee Ngasa akikaribia kustaafu. Wasichana, wamefanana kama shilingi mbili, magauni ya kitambaa kimoja, viatu vya aina moja, hata vidonda vya magotini nilihisi wamegawana. Mwalimu alikuwa amesema Doto haoni ubaoni. Nilimpima, nikamwandikia miwani. Nikampima Kulwa, macho yake yalikuwa mazima, isipokuwa mekundu kwa kufikicha. Nikampa matone ya aleji.

Mama Kulwa hakuondoka.

"Nesi, na ya huyu?" aliniuliza.

"Huyu hahitaji, mama. Anaona vizuri."

"Najua anaona. Lakini hawa ni mapacha. Nikimpa mmoja, mwenzake nimempa nini?"

Mimi ni Mhaya, nikataka kuanza kumweleza habari za lenzi. Mzee Ngasa akaniwahi. Akatoa fremu ya pili ya aina ile ile, akaitia vioo vitupu, akamvisha Kulwa. Kisha akanieleza kando kwamba kwa Wasukuma mapacha hawabaguliwi. Ukinunua kimoja unanunua viwili; ukimbeba mmoja unambeba na mwingine, na mzazi anayekiuka hilo anaishi na hofu kwamba mmoja atadhurika. Hata baada ya miaka yote ile nilikuwa bado najifunza. Kulwa alivaa vioo vile vitupu miaka mitatu, kisha macho yake nayo yakaanza kupungua nguvu, na mama yake akaona ni kawaida tu, kwamba amemfuata mwenzake.

Niliwapima kila mwaka hadi wakawa watu wazima. Mzee Ngasa alistaafu, akafariki, nikairithi tochi yake.

Halafu ikaja leza, upasuaji wa mwanga wa kumwondolea mtu miwani. Kwanza ilikuja kwa simu: vijana walinionyesha video za mtu analala kwenye kitanda, anaamka, anaitazama saa ya ukutani na kulia kwa furaha. Nilikuwa mkali kwao mwanzoni, nakiri. Nilizipenda miwani zangu na nilidhani anayezikimbia ana majivuno. Mwalimu mmoja wa michezo ndiye aliyenirekebisha. Alikwenda akafanyiwa, akarudi kunisalimia bila miwani, akasimama mlangoni kwangu akanisomea kalenda ya ukutani mpaka maandishi madogo ya kampuni ya bima. Nilifurahi hadi nikamkumbatia, mzee mzima mimi. Tangu siku hiyo niliacha kukataza watu, nikaanza kupima nao faida na hasara.

Hivi ndivyo nilivyofanya, mkiona inafaa endeleeni. Swali la kwanza lilikuwa: miwani inakunyima nini? Wengine walijibu haraka, kazi, michezo, mvua. Wengine walishikashika fremu kwanza, kisha wakasema mchumba hapendi. Hao wa pili niliwaambia wakampime mchumba, sio macho. Swali la pili ni gharama, na gharama ya leza si ile iliyoandikwa kwenye tangazo. Kuna nauli ya kwenda Dar au nje ya nchi, yako na ya anayekusindikiza. Kuna malazi, matone ya miezi kadhaa, siku za kazi utakazokosa, safari za kurudi kuangaliwa, na pengine kurudiwa kama namba haikutulia vizuri. Mtu anayeuza mbuzi wake wote kwa ajili ya siku moja ya upasuaji hana kitu cha siku ya kumi.

Kisha hatari, bila kumtisha mtu na bila kumdanganya. Macho huwa makavu, na hapa kwetu vumbi halisubiri mtu apone. Taa za usiku huweza kuzungukwa na duara la mwanga, jambo ambalo dereva wa lori lazima alijue. Uambukizo ni nadra lakini upo. Hutakiwi kufikicha jicho kwa wiki kadhaa, na mtu ambaye hawezi kuacha kufikicha leo hataacha kesho. Namba ikiwa bado inapanda, subiri. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, subiri. Na ukishapita arobaini utahitaji miwani ya kusomea hata kama leza ilifanya kazi kwa ustadi; leza haizuii uzee. Mwisho ni konea. Leza inaipunguza unene, na kinachopunguzwa hakirudishwi. Konea nzima inavumilia. Konea nyembamba iliyoanza kuchongoka ikipunguzwa, inaendelea kufura mbele kidogo kidogo, na huyo mtu aliyekuja akisumbuliwa na miwani anaweza kufika mahali ambapo hakuna miwani itakayomsaidia.

Hayo yote niliyajua. Nimewaambia ili msije kudhani kosa langu lilitokana na kutojua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Doto alikuwa anafanya kazi kwenye boti ya abiria. Alianza kwa kufunga kamba na kukata tiketi, akapanda hadi akawa anafundishwa usukani, na tajiri wa boti alimpenda. Ila alimwambia wazi kwamba hatamkabidhi usukani mtu ambaye miwani ikidondoka haoni gati. Na ilikuwa imeshadondoka ziwani mara mbili. Kulwa alikuwa mwalimu wa chekechea pale pale Buhongwa. Miwani haikumnyima kitu, isipokuwa watoto waliipenda na kuishika kwa mikono ya uji.

Mjomba wao Maige, mfanyabiashara wa Geita, akajitolea kumlipia Doto leza. Mama Kulwa akamwambia anashukuru, lakini wote wawili au asifanye kabisa. Mjomba akafikiri siku mbili, akakubali wote wawili.

Doto alikuja kwanza. Nikampima, nikampeleka kwenye ile mashine yetu ya kupiga ramani ya konea, ikatoka safi, unene wa kutosha, namba haijabadilika kwa miaka. Nikampongeza. Jumatatu iliyofuata akaja Kulwa. Nikampa mkono, akaupata vizuri. Nikazima taa, nikainua tochi ya Mzee Ngasa, nikamulika jicho la kulia.

Ukafunguka, ukajifunga. Mkasi.

Haukuwa mkali. Mtu mwingine angeweza kuupita. Nilimulika tena, na tena. Kushoto pia, kidogo. Siku hiyo mashine ilikuwa imeharibika tangu asubuhi, fundi anatarajiwa. Kulwa akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?" Na mimi, kama nilivyofundishwa, nikatuliza uso nikasema, "Tutaona. Uje Alhamisi upigwe ramani." Ndiyo hayo tu. Sikumwambia nimeona nini, wala nini kinaweza kutokea akikatwa konea ya aina ile. Nilijiona mtaalamu.

Alhamisi nilikuwa nakabidhi stoo. Nilikuwa nimeinamia daftari la vifaa nikibishana na mtu kuhusu mikasi ambayo haionekani, wakati gauni la kitenge la Kulwa lilipopita mlangoni na sauti ikasema, "Shikamoo mama." Nikasema marahaba bila kuinua kichwa. Miaka yote ile ya kuwapa watu mkono, na siku hiyo sikutoa. Kijana wa mashine alimpokea, akaangalia kadi, picha kwenye kadi ikafanana na uso, akapiga ramani, akaniletea mezani.

Ilikuwa safi.

Nilifurahi, na hapa sijisifu. Nilitaka iwe safi. Niliwapenda wale mabinti tangu vidonda vya magotini, na nilikuwa nastaafu, nikajiambia kwamba tochi imezeeka, nami nimezeeka nayo, na mashine ina macho kuliko mimi. Nikasaini barua ya kumruhusu Kulwa kwenda Dar kwa leza siku ile ile. Nikajiambia pia kwamba Dar watapima tena. Mkisikia kichwani mwenu sauti inayosema wengine watapima tena, wekeni kalamu chini.

Jumamosi nilikwenda ofisini kutoa vitu vyangu kwenye droo. Safari ya mapacha ilikuwa Jumatatu. Zile ramani mbili, ya Doto na ya Kulwa, zilikuwa mezani zikisubiri kuingizwa kwenye faili, nikaziweka bega kwa bega ili nizitazame kwa mara ya mwisho, kwa furaha tu, kama mtu anavyotazama picha za watoto. Rangi zilikaa mahali pale pale. Kale kamstari kembamba ka kijani kalikokata chini ya jicho la kushoto la Doto kalikuwapo pia chini ya jicho la kushoto la Kulwa, kwenye pembe ile ile. Nikasoma namba. Nikasoma tena. Mapacha hufanana, lakini nilikuwa nimewapima tangu darasa la tatu, na namba zao hazikuwahi kulingana hata mwaka mmoja. Chai yangu ilipoa. Zote mbili zilikuwa ramani za Doto.

Na kama Doto aliingia mara mbili kwangu, angeingia mara mbili Dar vilevile. Kisha kwenye kitanda cha upasuaji angelala Kulwa.

Nilitia tochi mkobani, nikapanda gari la Buhongwa.

Nyumba ilikuwa imejaa. Mjomba Maige alikuwa ameshafika kutoka Geita, amekaa kwenye kochi na soda, sebule ina harufu ya pilau. Karibu na mlango lilisimama begi moja kubwa la nguo, limefungwa tayari. Mama Kulwa alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, karibu! Umekuja kuwaaga binti zako?"

"Nimekuja kumpima Kulwa," nikasema. "Sasa hivi, kama mtaniruhusu chumba chenye pazia."

Doto alikuwa ameshika sinia la vikombe. Aliliweka chini polepole. Sikuhitaji kumuuliza, lakini nilimuuliza, mbele ya watu wote, kwa sababu niliogopa nikimwita pembeni nitamhurumia.

"Doto, Alhamisi nani alikuja hospitali?"

"Mimi, mama," akasema. Machozi yalikuwa yameshaanza. "Nilidhani ni macho yale yale. Tumezaliwa siku moja. Kama yangu yamepita, nilijua na yake yatapita."

Mjomba Maige akasimama. "Yaani umemdanganya daktari? Kwa pesa yangu?"

"Mimi sio daktari," nikamwambia. "Na aliyeanza kukosea ni mimi. Naomba mkae."

Tuliingia chumbani mimi na mapacha na mama yao, pazia likafungwa, tukaweka khanga juu ya dirisha. Nikamulika jicho la Kulwa. Mkasi ulikuwepo, ukifunguka na kujifunga. Nikampa Doto tochi, nikamwelekeza asimame wapi na auchezesheje mwanga, nikamwambia amtazame dada yake. Ilimchukua muda kuupata. Alipoupata alinirudishia tochi.

"Huo ndio nilioona Jumatatu," nikasema. "Konea ya Kulwa inalegea. Leza ikiipunguza, inaweza kuharibika kabisa. Nilipaswa kumwambia siku ile ile. Sikumwambia."

Mama Kulwa alianza kumgombeza Doto kwa Kisukuma, haraka haraka, sikupata maneno yote. Doto aliinamisha kichwa. Ndipo Kulwa akamshika mama yake mkono.

"Mwache mama. Mimi ndiye niliyemtuma."

Sote tulimgeukia.

"Nilijua," Kulwa akasema. Hakulia. Aliongea kama anavyoongea na watoto wake wa chekechea, taratibu, ili kila mtu amwelewe. "Jumatatu niliona jinsi nesi alivyotulia. Huwa anacheka na mimi, siku ile hakucheka. Nikajua kuna kitu kibaya. Nikawaza, nikikataliwa mimi, na Doto hapati, maana tunapata wote au hatupati. Nikamwambia Doto naogopa mashine, aende yeye, macho ni yale yale. Yeye aliamini. Mimi sikuamini."

"Ungelala ukakatwa?" nikamuuliza. "Ilhali unajua?"

"Sikujua ni upofu au ni nini. Hukuniambia. Ningejua ni kiasi gani, labda ningeogopa zaidi." Akafikiri kidogo. "Labda. Mimi macho yangu yanatosha kufundisha watoto. Yeye anataka usukani."

Nimekaa mbele ya wagonjwa maelfu kwa miaka yangu yote ya kazi, sikuwahi kuona aibu kama niliyoiona kwenye kile chumba. Uso wangu mtulivu ulikuwa umemwambia kila kitu isipokuwa kile alichohitaji kujua. Mzee Ngasa alikuwa mwalimu wangu, na sitapata mwingine kama yeye, lakini kwenye hili naomba msimfuate, wala msinifuate mimi. Mwambieni mgonjwa mlichokiona, mseme pia kwamba hamjathibitisha. Atabeba wasiwasi siku tatu, naam. Ila ataubeba akijua anaamua nini.

Nitawaambia mapema yaliyofuata, ili msikae na roho juu. Doto alifanyiwa leza, na sasa anashika usukani. Kulwa alipelekwa baadaye, kwa mfuko wa mjomba huyo huyo, akapata ile tiba ya kuikaza konea kwa matone na mwanga maalumu, isiendelee kulegea. Haikumwondolea miwani, na hakuna aliyemwahidi hivyo. Ameacha kufikicha; ila mkimwona anafikicha, mgombezeni kwa niaba yangu.

Lakini mchana ule hakuna aliyejua hayo. Doto alikuwa amekaa kitandani akisema haendi, boti ibaki, usukani ubaki, haendi peke yake. Kulwa akimwambia aende. Mjomba mlangoni, kofia mkononi, hajui tena alipie nini. Wote walikuwa wanamtazama Mama Kulwa, kwa sababu sheria ya wote au hapana ilikuwa yake, aliishika tangu siku alipojifungua.

Alitoka. Tulimfuata sebuleni. Alipiga magoti mbele ya lile begi, akavuta zipu, akaanza kutoa nguo. Zilikuwa mbili mbili zote, blauzi mbili, vitenge viwili, sweta mbili, ameshazikunja pamoja. Akatandika khanga mbili sakafuni, moja kulia ya Kulwa, moja kushoto ya Doto. Akachukua blauzi ya kwanza, akaigeuza huku na huku, akatafuta alama kwenye ukosi, hakuna. Alikuwa amezinunua mwenyewe.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Zetu zote, mama," Kulwa akajibu. "Yeyote anavaa."

Mama Kulwa alibaki ameishika ile blauzi.

"Nawauliza," akasema. "Ya nani?"

Kulwa akapiga magoti kando yake, akaichukua, akaiweka kwenye khanga ya Doto.